Mwachie Daktari Word yake

Ukikaa katika ofisi ya takwimu ya chuo kikuu hapa Kampala, namba utakayokutana nayo kuliko zote ni 384. Inatoka kwenye fomula ya ukubwa wa sampuli ambayo wanafunzi wetu wa afya ya jamii huinukuu kwa jina la Leslie Kish na mwaka 1965: weka uwiano wa asilimia 50, kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95, utapata watu 384 na sehemu ndogo juu yake. Basi awe anachunguza malaria Arua au shinikizo la damu Masaka, mwanafunzi anaandika 384 kwenye pendekezo lake, anapata kibali, anakwenda uwandani. Akirudi, data inasafishwa. Mtu mmoja alihojiwa mara mbili, wawili umri wao haukuandikwa, wanabaki 381. Ikisiri bado inasema 384. Sura ya nne inasema 381. Jedwali la tatu linajumlisha 379, kwa kuwa lilitengenezwa siku nyingine kwa faili nyingine. Mtahini wa nje akifika hapo haendelei na hoja. Anaanza kusaka namba zisizolingana, na kila anayoipata inampunguzia imani na kazi nzima.

Nimeona watu wenye akili, waliotembea gombolola kwa gombolola kukusanya data kwa jasho lao, wakirudishwa nyuma muhula mzima kwa sababu hiyo tu. Hawakudanganya. Walinakili namba kwa mkono kutoka programu ya takwimu kwenda Word, mamia ya namba, na mkono wa binadamu huchoka. Jambo hili limenikera kwa miaka, na ndiyo maana nimekuwa nikiwashawishi wanafunzi na walimu wa idara yetu waandike kwa Quarto. Naandika haya hasa kwa wenzangu wa Kiswahili waliotawanyika katika vyuo vya Uganda: sisi wa West Nile, watu wa Bwera na Kasese, Wakongomani, Wakenya, Watanzania. Wengi wenu mnaijua zana yenyewe, au mmeisikia. Kinachowashinda ni kuwafanya wengine waitumie.

Kwa asiyeijua: Quarto ni programu ya bure iliyotangazwa mwaka 2022 na kampuni ya RStudio, ambayo mwaka huohuo ilibadili jina ikawa Posit. Unaandika maandishi ya kawaida kwenye faili moja, na katikati yake unaweka vipande vya msimbo wa R au Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data. Ukiamuru, Quarto inaendesha ule msimbo, inachukua majedwali na grafu zilizotoka, inaziweka mahali pake, kisha inamkabidhi kazi Pandoc, programu aliyoianzisha John MacFarlane, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2006. Pandoc ndiyo inayotoa Word, PDF au ukurasa wa HTML, yaani wa kufunguliwa kwenye kivinjari. Wazo la kuweka maelezo na msimbo pamoja ni la zamani. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, aliliandikia mwaka 1984, na Jupyter, zana nyingine ya namna hiyo, ina watumiaji wengi hata hapa kwetu. Kwa mwanafunzi wetu faida ni kwamba faili ileile moja inatoa tasnifu ya kwenda kufungwa jalada gumu Wandegeya, na inatoa pia ukurasa ambao msomaji anaweza kuugusa, kuchagua, kusogeza, na ukambadilikia.

Semina zilikuwa zimeshafanyika kabla. Ukumbi, projekta, mtaalamu mgeni anaonyesha ramani unazoweza kuzikuza na grafu zinazojibu kidole. Watu wanapiga makofi, wanakunywa chai, Jumatatu kila mmoja yuko kwenye Word. Nilikuwa nakaa nyuma nikisikiliza maswali, na swali lililorudi kila mara halikuhusu ramani hata kidogo. Lilikuwa hili: "Daktari wangu atasomaje?" Daktari ndiye msimamizi. Anasoma Word, anaweka maoni pembeni, anafuta kwa wino mwekundu wa kompyuta, anarudisha kwa barua pepe. Ana wanafunzi wengi na darasa la kufundisha, pengine anasoma tasnifu yako akiwa kwenye foleni ya Jinja Road. Mtaalamu mmoja alijibu kwamba basi Daktari naye ajifunze. Ukumbi ukapoa. Mwanafunzi wa Uganda hawezi kwenda kumwambia msimamizi wake abadilishe namna anavyofanya kazi, na hapaswi kulazimika kufanya hivyo.

Wa kwanza kuhamia alikuwa dada mmoja wa kutoka Arua, muuguzi kwa taaluma, akisoma uzamili wa afya ya jamii. Sikumtajia Quarto. Alikuja na jedwali lake la pili mkononi, limechorwa duara tatu. "Kaka, hili nimelitengeneza upya, na bado Daktari anasema halilingani na ikisiri." Nikamwomba tasnifu tuiache ilivyo, tushughulike na jedwali hilo peke yake. Tukafungua faili mpya, tukaandika mistari michache ya R ya kusoma data yake na kuihesabu, tukaitoa kama Word. Akalichukua jedwali akalibandika kwenye sura yake ya zamani, akaenda zake.

Alirudi baada ya kugundua fomu mbili zilizojirudia. Tulibadilisha mstari mmoja wa kusafisha data, tukatoa tena, jedwali zima likajirekebisha, asilimia na yote. Hapo nikamwonyesha sentensi. Badala ya kuandika "Washiriki 381 walijibu", unaandika "Washiriki `r nrow(data)` walijibu", na Quarto inahesabu mistari ya data na kuweka namba yenyewe. Akaondoa mstari mmoja wa data kwa makusudi, akatoa Word, akaona 380. Akaurudisha, 381. Akaondoa miwili. Alifanya hivyo kwa muda bila kuzungumza nami. Kisha akauliza kama ikisiri nayo inaweza kuandikwa namna hiyo. Inaweza. Kuanzia wiki hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinitafuta, na kabla ya kumaliza alikuwa ameshawafundisha wenzake wa hosteli, wawili kati yao Wakongomani waliokuwa wakihangaika na Kiingereza cha vitabu vya R na kumwelewa yeye vizuri zaidi kwa Kiswahili kuliko walivyowahi kumwelewa mhadhiri.

Tangu hapo ndivyo tunavyoanza na kila mtu. Jedwali moja linalomuuma, ndani ya tasnifu aliyokwisha kuianza. Anayeambiwa ahamishe sura tano zote hahami, maana sura tano ni maisha yake ya mwaka mzima na anaogopa kuzipoteza. Ana haki ya kuogopa.

Sasa turudi kwa Daktari, kwa sababu yeye ndiye mlango. Word inayotoka Quarto inaweza kufuata kiolezo chochote unachokipa. Unatengeneza hati moja ya Word yenye mitindo ya chuo, yaani aina ya herufi, nafasi ya mstari mmoja na nusu, pambizo pana upande wa jalada na ukubwa wa vichwa, kisha unaitaja jina lake juu ya faili kwenye sehemu ya "reference-doc". Kila Word itakayotoka itavaa sura hiyo. Daktari anaipokea kwa barua pepe kama alivyozoea, anaweka maoni pembeni, anairudisha. Hajaombwa kujifunza chochote. Mwanafunzi anafungua Word yenye maoni upande mmoja wa skrini na faili yake ya Quarto upande wa pili, anahamisha masahihisho moja baada ya jingine. Ndiyo, hii ni kazi ya mkono. Pandoc inaweza kusoma Word na kuyatoa maoni yote kama maandishi ukiiongezea "--track-changes=all", na waliozoea wanaitumia, ila wengi wetu tunapendelea njia ya mkono kwa kuwa inamlazimu mwanafunzi asome kila neno aliloandikiwa. Kanuni tuliyowekeana ni moja: Daktari akisahihisha namba, usiibadilishe kwenye maandishi. Nenda kwenye data ukaangalie kwa nini namba hiyo imemshtua.

Wasimamizi hawakujua kwa muda mrefu kwamba wanafunzi wao wamehama, na sikuona sababu ya kutangaza. Waliojua walijua kwa sababu kazi zilianza kuja zikiwa safi. Msimamizi wa yule dada alimuuliza siku moja, "Namba zako siku hizi nani anakukagulia?" Naye akamwonyesha. Kilichomvutia Daktari mwenyewe, hata hivyo, hakikuwa namba. Alikuwa na makala iliyokataliwa na jarida moja, na jarida la pili lilitaka marejeleo ya namba kwa mtindo wa Vancouver wakati yake yote yalikuwa ya APA. Mhadhiri yeyote anaijua adha hiyo. Kwenye Quarto marejeleo yanakaa kwenye faili yake, mara nyingi yakitoka Zotero, programu ya kutunza marejeleo, na mtindo unatajwa kwa jina la faili moja ya CSL, yenye kanuni za mtindo huo. Tulibadilisha jina hilo, tukatoa upya, marejeleo yote yakageuka, mabano ya APA ndani ya aya yakawa namba. Akasema, "Niwekee na mimi." Tangu hapo wanafunzi wake wapya wanaletwa kwangu na yeye mwenyewe.

Mlango wa pili ulikuwa katibu wa idara, na ningependa kila anayetaka kueneza zana mpya katika chuo chochote chetu amfikirie katibu mapema. Mama huyu amepanga tasnifu za watu kwa miaka mingi kuliko baadhi ya wanafunzi walivyoishi. Orodha ya yaliyomo, namba za Kirumi kwenye kurasa za mwanzo, pambizo, majedwali yaliyolala kwenye ukurasa wa mlalo, yote alikuwa akiyarekebisha yeye, na wanafunzi walimpa chochote cha asante. Aliposikia kuna programu inayopanga yenyewe, aliniita. "Mwanangu, mimi nitakula nini?"

Sikumpa maneno ya faraja, kwa sababu swali lake lilikuwa la kweli. Nilimwambia kwamba kiolezo kile cha Word lazima atengeneze mtu anayejua masharti ya chuo kwa undani, na katika jengo lile hakuna anayeyajua kumzidi. Ndiye aliyekitengeneza. Tuliketi naye, mimi nikieleza kwamba asibadilishe maandishi bali mitindo yenyewe, yeye akinisahihisha: hapana, kichwa cha sura kinakaa katikati, cha kifungu kinaanzia kushoto, hapana, maelezo ya jedwali yanakaa juu ya jedwali, ya picha chini yake. Leo kiolezo hicho kinaitwa kwa jina lake hapa idarani. Mwanafunzi akitaka hati yake ikaguliwe kabla ya kuwasilisha, anakwenda kwake, na anamlipa kwa ukaguzi kama alivyokuwa akimlipa kwa kupanga. Amekuwa mtetezi mkali wa Quarto kuliko mimi, na wanafunzi wanamsikiliza yeye.

Kuhusu intaneti nitasema kwa urefu, kwa sababu ndiko zana nyingi nzuri zinakofia kwetu. Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda linatozwa kodi ya asilimia 12, na mwanafunzi anayepanga Kikoni au Makerere Kivulu anahesabu kila megabaiti. Chuoni kuna Wi-Fi ya eduroam kupitia RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti wa hapa nchini, na ndiyo tunayoitumia kupakua. Lakini mtu hasomi chuoni tu. Kwa hiyo tunazo flashi zenye kila kitu: R, RStudio, Quarto, vifurushi vya R tunavyovitumia, kiolezo cha mama, na mfano mmoja wa sura uliokamilika. Flashi inazunguka mkononi kwa mkono. Zamani kizuizi kikubwa kilikuwa PDF, kwa kuwa ilihitaji LaTeX, programu ya zamani ya kupanga kurasa, na LaTeX kamili ni gigabaiti kadhaa. Toleo la Quarto 1.4, lililotoka Januari 2024, lilileta Typst ndani yake, programu ndogo ya kupanga kurasa, na sasa PDF inatoka bila kupakua kitu cha ziada. Kwa mtu wa Berlin au California huenda hilo ni jambo dogo. Kwetu lilifungua njia.

Kurasa za HTML nazo zinahitaji uangalifu wa aina yake. Kwa kawaida Quarto inatoa ukurasa pamoja na folda ya vitu vyake. Ukimtumia mtu ukurasa bila folda, anaona maandishi matupu. Tunaandika "embed-resources: true" ili kila kitu kiingie ndani ya faili moja inayoweza kutumwa kwa WhatsApp. Hata hivyo fomula za hisabati haziingii hadi uongeze na "self-contained-math: true", bila hiyo, msomaji asiye na intaneti ataona maneno ya LaTeX mahali pa fomula. Ramani za kukuzwa zinazochorwa kwa zana ya Leaflet zinaonyesha mipaka ya wilaya uliyoichora wewe, lakini picha ya barabara na mito iliyo nyuma yake inavutwa kutoka intaneti, kwa hiyo chora ramani inayoeleweka hata nyuma ikiwa nyeupe. Na kwenye baadhi ya simu za Android faili ya HTML hufunguliwa na kisomaji kisichoruhusu kitu chochote kusogea. Mwambie mtu achague Chrome. Mambo haya manne yamewakatisha tamaa watu wengi kuliko msimbo wenyewe, na yote yanatibika kwa dakika chache.

Sehemu ya kugusa na kusogeza ilipata wapenzi wake kupitia namba ileile 384. Mwalimu wetu wa mbinu za utafiti alichoka kusahihisha mapendekezo ambayo yote yalikuwa na sampuli moja. Tukamtengenezea ukurasa mdogo: fomula juu, chini yake vitelezi viwili, kimoja cha uwiano unaotarajiwa, kingine cha kosa unaloweza kulivumilia, na jibu kwa herufi kubwa. Nyuma yake ni mistari michache ya JavaScript, hauhitaji seva wala intaneti. Uwiano ukiwa asilimia 50 na kosa asilimia 5, jibu kamili ni 384.16, na kwa kuwa huwezi kuhoji sehemu ya mtu, ni 385. Sogeza uwiano hadi 30, inakuwa 323. Hadi 10, inakuwa 139. Rudisha 50 na upunguze kosa hadi asilimia 4, inapanda hadi 601.

Aliwatumia wanafunzi kwa WhatsApp, darasa zima likawa na simu mkononi. Kijana mmoja anayechunguza kisukari vijijini alisogeza kitelezi cha kwanza kushoto na kulia, akauliza, "Mwalimu, kumbe asilimia 50 tunaiweka kwa sababu hatujasoma tafiti za nyuma?" Mwalimu akamjibu kwamba asilimia 50 ni kimbilio la asiyejua, na kwamba anayejua kwamba ugonjwa wake unakaa karibu na asilimia 10 ana kazi ya kueleza kwa nini anahitaji watu 385. Kisha akaenda mbali zaidi: je, unataka kosa la asilimia 5 juu na chini kwa ugonjwa wenye asilimia 10? Hapo kosa lenyewe ni nusu ya unachokipima. Darasa likaanza kubishana. Nimekaa kwenye madarasa ya takwimu kwa miaka na sikumbuki ubishi wa namna hiyo juu ya fomula iliyoandikwa ubaoni. Yule mwalimu sasa anaandika kurasa zake mwenyewe, ya thamani ya p, ya vipindi vya uhakika, na hajawahi kuniuliza Quarto ina faida gani.

Ukurasa wa kusogezwa una hatari moja ambayo kila anayewafundisha wengine lazima aitaje siku ya kwanza. Grafu za namna hii hubeba data ndani ya faili. Ukimpa Plotly, zana ya kuchora grafu za kuguswa, au jedwali la kuchujwa orodha ya wagonjwa wako, orodha hiyo inasafiri na ukurasa, na yeyote anayejua kufungua chanzo cha ukurasa anaweza kuisoma, hata kama kwenye skrini umeonyesha wastani tu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na kamati ya maadili iliyokupa kibali haikukupa kibali cha kusambaza umri, kijiji na matokeo ya kipimo cha mtu. Sisi tunajumlisha kwanza, kisha ndipo tunapeleka kwenye grafu. Na palipo na watu wachache mno, chini ya watano, tunaunganisha makundi, kwa sababu katika kijiji kidogo mama mmoja mwenye umri fulani na watoto fulani anajulikana hata bila jina.

Yule dada wa Arua alipofika wakati wa kurudisha matokeo nyumbani, hakutaka kupeleka PDF ya kurasa mia. Alitengeneza ukurasa wa Kiswahili. West Nile Mlugbara, Mkakwa, Mualuri na Mmadi wakikutana, Kiswahili kinawatosha, na wengi wa VHT, wale wahudumu wa afya wa vijijini, wanakielewa kuliko Kiingereza cha tasnifu. Quarto inakuruhusu kuandika mwenyewe maneno yanayojitokeza yenyewe, kwa hiyo juu ya faili tuliweka kwamba vielelezo viitwe "Kielelezo" na majedwali yaitwe "Jedwali", na hati nzima ikatoka bila neno la kigeni kwenye vichwa. Msomaji anachagua gombolola lake, anaona watoto wangapi katika mia walilala ndani ya neti, wangapi walipimwa kabla ya kupewa dawa.

Aliniambia kwamba kwenye kikao kile watu walikuwa wakipokezana simu. Mzee mmoja wa VHT alisogeza hadi gombolola lake, akalitazama kwa muda, akauliza, "Binti yangu, hapa mlihoji kabla ya neti kugawiwa au baada?" Lilikuwa swali sahihi kabisa, na jibu lake liliingizwa kwenye toleo la mwisho kama aya mpya katika mipaka ya utafiti. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya hati inayoguswa. Wenye data, yaani watu waliohojiwa, wanapata nafasi ya kuihoji.

Waliokuwa na zana zao tuliwaacha nazo. Watu wa kompyuta wana Jupyter, na Quarto inazipokea faili za Jupyter kama zilivyo. Watu wa hisabati wana LaTeX na wanaipenda, na fomula za LaTeX zinaingia ndani ya Quarto bila kubadilishwa. Hakuna sababu ya kugombana na mtu ambaye tayari namba zake zinalingana.

Makosa ndiyo yanayohitaji mtu wa karibu. Sehemu ya juu ya faili ni kali kuhusu nafasi: ukitumia kitufe cha Tab mahali pa nafasi za kawaida, au ukisahau nafasi baada ya nukta mbili, hati haitoki, na ujumbe unaokuja ni wa Kiingereza kigumu. Mwanafunzi anayekutana na ujumbe huo saa tano usiku peke yake anarudi Word asubuhi. Tuna kundi la WhatsApp la Kiswahili kwa ajili hiyo. Mtu anapiga picha skrini yake, anaituma, na aliyelala mwisho anamjibu. Tunaandika kila kosa na dawa yake kwenye daftari moja, nalo limeandikwa kwa Quarto, kila mmoja anaongeza lake. Wakenya na Watanzania wanarekebisha Kiswahili chetu humo ndani, nasi tunarekebisha msimbo wao.

Swali gumu zaidi niliulizwa na mkutubi. Maktaba inapokea tasnifu za PDF kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Mwanafunzi mmoja alimpelekea PDF pamoja na ukurasa wa HTML, naye akataka kujua kama ukurasa huo utafunguka mwaka 2040. Alikuwa anauliza kwa niaba ya msomaji ambaye hajazaliwa, na nilimheshimu kwa hilo. Tulikubaliana apokee vitu vinne pamoja: PDF, ambayo itasomeka kwa muda mrefu kuliko vyote, ukurasa wa HTML wa faili moja, faili ya Quarto yenyewe, ambayo ni maandishi matupu na hata programu ikifa mtu ataisoma kwa macho, na data iliyojumlishwa, pamoja na orodha ya matoleo ya vifurushi vya R ambayo kifurushi cha renv huitunza. Ameandaa fomu ya ukurasa mmoja kwa wanafunzi watakaotaka kuwasilisha hivyo, na tasnifu ya kwanza imeshapokelewa kwa utaratibu huo. Ni ya yule kijana wa kisukari, na sampuli yake haikuwa 384.